Kitone Ndani ya Duara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha mtaa wa Tshopo, masera, mtawa aliyetusimamia, alinikabidhi utepe wa kupimia vichwa vya watoto. "Mutoto mwenye hakuangalii machoni, usimulazimishe," aliniambia. "Ikala chini naye, ungoje." Hilo ndilo somo jema pekee nililopata kwa mkubwa wangu yeyote.

Baadaye nilihamishiwa hospitali kubwa, kitengo cha watoto wanaochelewa kusema na kujifunza. Daktari mkuu, kijana aliyesomea Ulaya, alinifundisha kuchora mti wa ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Mgonjwa anapakwa weusi. Anayebeba kasoro katika damu bila kuugua anawekewa kitone katikati.

Ndipo akaja Odette na wanawe wawili, Gloire na Exaucé. Walipungapunga mikono, wakajing'ata vidole, na kila waliposemeshwa waligeuza nyuso. Gloire alikuwa na miaka tisa na maneno yasiyozidi kumi. Wifi yake Odette, dada mkubwa wa mumewe, tuliyemwita Tantine, alikuwa amewafungia watoto hao siku tatu katika chumba cha maombi, bila chakula. Alisema ni ndoki, wachawi.

Damu yao ilipelekwa mbali kupimwa. Miezi ilipita, jibu likarudi: ugonjwa wa kurithi, na wao waliupata kwa mama.

"Donc, ita familia yote," daktari akaniagiza. "Sayansi itamaliza haya mambo ya uchawi."

"Docteur, tumwambie kwanza Odette, peke yake."

"Hatuna muda, Mama Béa."

Niliogopa kuhamishwa tena. Nikaikunjua karatasi niliyochorea mti wao, mbele ya ukoo mzima.

Tantine aliweka kidole juu ya kitone. "Huyu iko nani?"

"Ni Odette. Lakini si kosa lake. Naye alizaliwa na hiyo kasoro katika damu, bila kujua..."

"Bon. Kumbe watoto haiko ndoki. Iko yeye ndiye aliharibu damu yetu."

Mumewe Odette akainuka, akamfuata dada yake nje. Wiki hiyohiyo Odette alifukuzwa nyumbani pamoja na wanawe. Daktari aliandika katika ripoti kwamba familia imeelewa vizuri. Akapandishwa cheo, akaenda Kinshasa.

Mwaka niliostaafu nilimkuta Odette sokoni, anauza sombe, majani ya muhogo. Gloire, sasa mwanamume mrefu, alikuwa akifunga mafungu kwa utaratibu wake, bila kututazama. Nikaomba msamaha.

"Wakati walikuwa wanasema watoto yangu iko ndoki, nilikuwa nabishana nao," Odette akajibu. "Ile siku uliwaonyesha karatasi, Mama, ningebisha na nini?"

Wauguzi vijana huja kuniuliza kazi hii ilikuwaje. Nawaambia: kabla hamjatamka kwamba ugonjwa umetoka kwa mama, fungeni mlango, mumuulize mama huyo leo atalala wapi.

Mimi nilijua hivyo siku ile, kabla sijaikunjua karatasi. Nikaikunjua.