Alama ya Pasi Kwenye Kochi la Kijani

Watu wakianza kutafuta mchawi wa ile mikopo iliyotuangusha hapa Songea, mimi huwa natazama chini. Wapo wanaowalaumu wakopaji, eti walikuwa na tamaa. Wapo wanaozilaumu ofisi zetu, ambazo mitaani zimepewa jina la kausha damu, na sidhani kama wamezionea. Mimi nina wangu wa kumlaumu, na ninamwona kila asubuhi nikijipaka mafuta mbele ya kioo.

Nilikuja kutoka Dodoma kuwa afisa mikopo, na cheti kipya na sweta moja. Sweta moja kwa baridi ya Songea ya mwezi wa sita ni utani. Nilipanga chumba Lizaboni kwa mama mmoja mjane, mtu wa hapahapa, mcheshi, ambaye usiku wa kwanza tu alinigongea mlango akanipa blanketi la marehemu mumewe. Akaniambia nitafute sweta nyingine au nitafute mume, chochote kitakachopatikana haraka. Tangu siku hiyo sikula tena peke yangu. Jioni tulikula ugali na likolo, mboga za majani alizozipika kwa karanga, tukiwa sebuleni kwake kwenye makochi ya kijani.

Makochi yale yalikuwa fahari ya nyumba. Mumewe alikuwa mkulima wa tumbaku huko Namtumbo, na msimu mmoja uliomwendea vizuri aliyanunua seti nzima kabla hata hajamaliza kuezeka jiko. Mama alikuwa akimsema kwa hilo hadi wakati huo, kana kwamba mzee yupo chumba cha pili anasikia.

Mimi ndiye niliyeyaharibu. Asubuhi moja umeme ulikatika, nikaazima pasi ya mkaa na kunyoosha sketi yangu juu ya kochi kubwa, maana nilikuwa mvivu wa kuondoa vyombo mezani. Simu ikaita. Nilipogeuka, mto wa kochi ulikuwa na alama nyeusi, umbo zima la pasi pamoja na ncha yake. Nilitaka kulia. Mama alikuja, akautazama mto, akaugeuza upande wa pili na kuupigapiga.

"Haya, nani ataona?" akasema.

Kuanzia hapo, kila aliposikia hodi, aliuangalia mto ule kwanza. Kama alama iko juu, aliugeuza ndipo aitikie karibu.

Sasa, mtaani kwetu viti havikuwa vya mtu mmoja. Jumuiya ikija kusali kwako, au wakwe wakija kuposa, uliazima. Makochi ya mama yalipakiwa kwenye mkokoteni, yakaenda, yakarudi kesho yake, mara nyingine na sahani ya vitumbua juu yake. Hakuna aliyeona ajabu. Mgeni anakuja, utamkalisha chini?

Kazi yangu ilikuwa kuwa mgeni. Kabla mtu hajapewa mkopo, nilitakiwa kwenda nyumbani kwake nione ana nini, niviandike vitu vyake kuwa dhamana, ili akishindwa kulipa vichukuliwe. Na mwaka ule kila mtu alitaka mkopo. Msimu uliotangulia mahindi yalikuwa yamepanda bei kuliko kawaida. Walionunua wakati wa mavuno na kuyaweka ndani waliuza kwa malori yaliyokuja kuyagombania, wakapandisha nyumba. Basi kila mwenye chumba cha ziada akataka kukijaza magunia. Ofisini, meneja alitupangia idadi ya wakopaji wa kuleta kila mwezi. Aliyeivuka alipata bonasi. Aliyeshindwa alisimamishwa mbele ya wenzake kwenye kikao cha asubuhi ajieleze.

Asubuhi moja niliyaona makochi yakitoka. "Kuna mwenzetu Mfaranyaki anapata mgeni wa ofisi," mama akanieleza huku akisaidia kufunga kamba. Nikapanda bodaboda kwenda kazini. Saa nne nilikuwa Mfaranyaki, kwenye sebule ya mama mmoja muuza dagaa, na aliponikaribisha kukaa nikaikuta alama ya pasi yangu inanitazama. Yeye hakujua kama mto ule hugeuzwa.

Nilichekea tumboni. Kumbe mgeni mwenyewe ni mimi! Kisha nikaikalia ile alama, nikafungua fomu, nikaandika: makochi ya kijani, seti moja, hali nzuri.

Siwatetei wale wanawake. Walijua wanachofanya. Na meneja aliyezipitisha fomu zangu hakuwa kipofu. Seti ileile ya kijani ilifika mezani kwake mara tatu kutoka mtaa mmoja na hakuuliza, kwa sababu naye alikuwa na mkubwa wake wa kumpelekea idadi. Lakini mama mwenye nyumba wangu hakujua. Yeye alidhani anakalisha wageni. Kila jioni nilikuwa na nafasi ya kumwambia, tukiwa tunanawa kwenye bakuli moja: mama, wanayaandikisha kama yao, usiyatoe tena. Maneno machache tu. Ningeyasema, wateja wangekwama, na mimi ningesimamishwa kwenye kikao. Nikajikausha. Bonasi ilipotoka nilimnunulia kitenge. Alikivaa kanisani Jumapili, akamwambia kila mtu kwamba ametunzwa na binti yake.

Malori hayakuja. Tuliambiwa mikoa mingine nayo imevuna vizuri, tukaambiwa subirini kidogo, na watu wakasubiri hadi wadudu wa dumuzi wakaanza kutoboa magunia na unga ukawa unamwagika sakafuni. Bei ikaanguka chini ya ile waliyonunulia. Marejesho ya kila wiki hayakusubiri. Waliodhaminiana wakaanza kukwepana sokoni, ndugu kwa ndugu.

Madalali wa ofisi walipofika kwa wale wateja wangu watatu hawakukuta kochi hata moja. Wakawabana, na mmoja wao akasema yapo Lizaboni. Nilikuwa nyumbani gari lilipoingia, maana ilikuwa Jumamosi. Dalali alikuwa na fomu zangu mkononi.

"Haya ni yangu," mama alisema, wala hakupandisha sauti. "Kayanunua mume wangu. Ulizeni mtaa mzima."

Dalali akanigeukia. "Afisa, wewe ndiye uliyekagua. Ni ya nani?"

Nilijua ni ya nani. Nikisema ukweli, nimekiri kwamba niliandika uongo mara tatu na kuusainia, na kazi imekwisha, pengine na polisi juu. Nikiwa kimya, mama anabaki na sakafu. Majirani walikuwa wamejaa uani. Kumbukumbu yangu ya dakika ile ni jinsi mama alivyonitazama, bila hasira, akisubiri tu nimwondolee usumbufu.

"Fomu zinasema ni ya wateja," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa yote, mgeni wa ofisi alikuwa nani na kitenge kilitoka wapi. Akarudi ndani akaondoa vitambaa vyake alivyovifuma, kimoja kimoja, akavikunja.

"Yabebeni," akawaambia madalali. "Mtoto asije akapoteza kazi kwa ajili ya viti."

Jioni ile aliniita kula kama kawaida. Tulikaa kwenye mkeka. Alisema ugali umekuwa mgumu, nikasema hapana, mzuri. Sikuomba msamaha. Mwezi uliofuata nilihama, nikisingizia umbali wa kazini. Alinifungashia karanga.

Siku ya mnada hakuna mtu wa mtaani aliyetaja bei. Meneja akayachukua makochi kwa bei ya kutupa, yakawekwa ofisini mapokezi. Wateja hukaa hapo wakisubiri kuitwa, na mimi, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo, huyapita kila siku. Mto ule nimezoea kutouangalia.

Juzi nimetoka kwenye chumba changu cha kazi na kumkuta mama amesimama mapokezi. Amepungua. Alikuwa ameleta maombi ya mkopo mdogo wa mbolea, na kijana wetu wa mapokezi alikuwa akimuuliza nyumbani ana samani gani.

"Ukija utakuta mkeka," alimjibu.

"Basi itakuwa ngumu, mama. Huna dhamana."

"Shikamoo, mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umenenepa, afadhali."

Nilimkaribisha akae. Akasema amekwisha kukaa sana hapo, akacheka kidogo, na kijana akacheka pia bila kujua anachocheka. Nilimwambia kijana aniachie ile fomu nitaishughulikia mwenyewe. Mama akanishukuru, kweli akanishukuru, na nilitamani anitukane mbele ya wateja wote.

Alipokuwa anaondoka alisimama kwenye kochi kubwa. Alama ya pasi ilikuwa juu, wazi, kama ilivyokuwa juu miaka yote hii. Akainama kwa shida, akaugeuza mto, akaupigapiga.

"Huu muwe mnaugeuza, mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, ili kijana asisikie. "Wageni wanaona."