Msasa Uliolamba Tawa

"Mama Zohra, umeyasikia ya Khala Surayya?" Bilqis aliniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, mikono imejaa unga. "Mikasi yake imerudishwa. Trei nzima. Imeota kutu vidoavidoa, utadhani imeugua ndui."

Nilikuwa namnyonyesha mwanangu. Bilqis hangoji kujibiwa.

"Eti ni jasho la yule msichana wake, Nargis. Jasho chungu, kila anachoshika kinapata kutu. Na si maneno ya mtaani. Khala mwenyewe ndiye aliyesema mbele ya msimamizi wa karakana. Sasa wewe unajua Nargis kaposwa nyumba gani."

Nilijua. Kaposwa kwa watu wa mikasi ya hospitali, baba na wanawe wote. Hapa Sialkot, mji unaokula kwa vyuma, nyumba kama ile haioi msichana mwenye jasho chungu.

"Mama wa kijana ameshaanza kuulizauliza," Bilqis akasema, akakung'uta unga. "Posa hiyo haifiki Idi, nakwambia."

Khala Surayya ni mjane, na mtaa mzima tunamwita Khala, mama mdogo, hata wasio na udugu naye. Kibaraza chake kinatazamana na changu. Tangu nilipoletwa hapa bibi harusi nimemwona kwenye kitanda chake cha kamba, trei ya mikasi ya karakana kando, akiifuta alama za tupa kwa msasa. Nargis hana mama. Khala alimchukua, akamkalisha mbele yake, akamfundisha.

Mafundisho yenyewe nimeyasikia mpaka nami nayajua. Khala hachagui msasa kwa kusoma namba iliyopigwa nyuma. Anausogeza karibu na sikio, anaupitishia kidole gumba. "Huu unakoroma, wa kuanzia. Huu unanong'ona, wa kumalizia." Anauchana kwa kufuata uzi wa kitambaa cha mgongoni mwake, utepe mwembamba, anaupitisha kwenye tundu la kidole la mkasi na kuuvuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Msasa wa karatasi ungekatika pale, wa kitambaa unakubali kupinda. Kila akibadili msasa anabadili na upande wa kusugua, ili mikwaruzo mipya iifute ya zamani.

"Unasugua mkasi au unambembeleza mchumba?" alikuwa akimtania Nargis.

"Mchumba simjui mkono wake, Khala. Mkasi naujua."

"Basi sugua unachokijua."

Na makopo yalikuwa mawili. La bluu ni la misasa ya chuma cheusi, cha kawaida. La biskuti ni la chuma cheupe cha mikasi, kile ambacho hospitali hawataki kuona hata doa. Humo ndimo alimoweka vipande vilivyochakaa, maana msasa uliokwisha makali unalainisha kuliko mpya, naye alivitunza kama wengine wanavyotunza bangili. "Msasa ukishagusa cheusi, usiguse cheupe," alimwambia Nargis kila asubuhi. "Unabeba unga wake na kuupanda kama mbegu. Wewe umeshasahau, wenyewe unaota kutu."

Baada ya ile trei kurudi, Nargis hakuonekana tena kibarazani. Nilipishana naye kisimani, amevaa glavu za sufu na mvua yenyewe ilikuwa ya joto. Aliniamkia bila kunipa mkono. Khala naye akaingiza kitanda ndani. Ikafika Shab-e-Barat, usiku wa kupelekeana halua, nikampelekea sahani yangu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni kuweka tende moja. Yangu ilirudi imeoshwa, haina kitu. Bilqis aliiona mkononi mwangu, akageukia unga wake.

Nilimbeba Zohra nikaenda. Khala alikuwa dirishani, ameinamia kitu, na aliponisikia akakifunika kwa ncha ya shali.

"Kaa, mama Zohra. Usitazame huku."

Nilikaa. Zohra lakini hajui kuambiwa usitazame; alitambaa, akavuta shali. Juu ya kitambaa chenye maji kulikuwa na mikasi miwili. Mmoja safi. Wa pili una vidoa vyekundu kuzunguka tundu la kidole.

Khala alimwondoa mtoto taratibu, akamfuta mikono. Hakuinua uso.

"Yote miwili nimeisugua mimi," alisema. "Mkono huu huu. Nargis hajagusa hata mmoja. Huu safi kwa msasa mpya, huu mwingine kwa kipande cha kopo la biskuti."

Macho yangu yalikwenda kwenye tawa ya chapati iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa ya chuma cheusi kama tawa zote, ila ukingo wake uling'aa, wenye mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona, Khala."

"Walipokuja wale wanawake wa upande wa kijana kumwangalia Nargis, niliwaalika hapa, maana kwao Nargis hakuna mama wa kupokea wageni. Mvua ilikuwa imeipa tawa kutu. Nikasema hawatakula parata kwenye aibu hii. Kipande kilikuwa karibu, kimechakaa vizuri. Nikasugua. Halafu mkono ukakirudisha ulikozoea, kwenye kopo la biskuti."

"Hukujua."

"Usinipunguzie." Alisema bila ukali. "Msimamizi alipouliza, nani mwingine anashika hii mikasi, nilikumbuka tawa. Haikuwa hakika, lakini ilitosha nikaangalie kwanza. Ulimi ukatangulia. Nikasema kuna msichana huyu, labda jasho lake. Nione aibu mimi, mwenye makopo mawili, niambiwe mzembe? Nikampa yeye aibu. Yeye akainama tu. Hata kujitetea hakujitetea, aliniangalia mimi kwanza aone nitasema nini."

Akajifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa na kuvitazama kama si vyake.

"Sasa anavaa glavu," nikasema. Sikutaka kumwumiza, lakini nilitaka ajue.

"Najua. Nimemwona kwa tundu la mlango."

Alinyanyuka, akaishusha tawa, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na ile mikasi miwili. Akakaa tena, furushi mapajani.

"Msimamizi nitamwambia, huyo ni mtu wa kazi, atafoka yaishe. Ila kwanza mama wa kijana. Yeye ndiye mwenye posa." Akavuta pumzi. "Nilikwenda jana. Nilifika mpaka mlangoni, mtu akakohoa ndani, nikajifanya nanunua vitunguu kwa jirani yao. Angalia pale, nina vitunguu vya kulisha harusi."

Vilikuwa vingi kweli. Nilicheka kidogo, naye akataka kucheka, uso ukamkatalia.

"Twende wote, mama Zohra," akasema. "Mbebe mtoto, watu hawafungi mlango mbele ya mtoto. Simama nyuma yangu nisipate njia ya kurudi. Na ukinisikia naanza habari za mvua, au bei ya vitunguu, nifinye. Nifinye mpaka niitaje tawa."