Kura ya Bi Emete

Bi Emete alifunga virago wiki mbili kabla ya kura ya maoni. Masufuria aliyafunga kwenye shuka, picha ya marehemu mumewe Ziya akaizungushia taulo. Mwanawe Erol aliporudi kutoka kazini, alikuta sebule imebaki kuta tupu.

"Mama, hata kura hatujapiga!"

"Mimi kuhama sifundishwi. Nilianza kabla hujazaliwa."

Ni kweli. Alizaliwa Mturuki huko Pafo, kusini mwa kisiwa cha Kipro, katika kijiji ambacho Waturuki na Wagiriki walialikana harusi. Akiwa bado bibi harusi, bunduki zikalia kati ya jamii hizo mbili, yeye na Ziya wakakimbilia kwenye mahema. Miaka kumi baadaye vita vikakikata kisiwa vipande viwili. Wakapandishwa malori mpaka Morfu, kaskazini, upande wa Waturuki, wakakabidhiwa nyumba ya Wagiriki waliokimbia, yenye michungwa hadi mlangoni. Ziya alishukuru. Emete alikuta chungu cha dengu jikoni, kimeota ukungu, akalia. Tangu hapo ombi lake lilikuwa moja: afie kwenye nyumba ambayo hakuna mwingine anayeililia.

Mwenye kuililia alikuja mwaka mmoja kabla ya kura, vizuizi vya mpakani vilipofunguliwa. Frosula, mama wa Kigiriki aliyekuwa akiishi Limasoli, kusini, alisimama uani, akakumbatia mchungwa, akaangua kilio. Emete, aliyekijua Kigiriki tangu utotoni, akampikia kahawa. Wakawa mashoga. Kila Jumapili Frosula alikuja, akaondoka na kapu la machungwa ya mashamba ya baba yake.

Sasa mpango wa amani ulitaka Morfu irudishwe kwa Wagiriki, na Emete apewe nyumba yake halali mahali pengine. Ilibidi pande zote mbili zikubali. Emete alipiga ndiyo, na Waturuki wengi wakapiga ndiyo. Wagiriki wakakataa. Mpango ulioandaliwa miaka mingi ukafa kwa siku moja.

Jumapili iliyofuata Frosula alimkuta Emete ameketi juu ya furushi.

"Na wewe, shoga, ulipiga ipi? Usinifiche."

Frosula alitazama viatu vyake. "Hapana."

"Hapana? Nakupa nyumba kwa mikono miwili, nawe unaikataa?"

"Viongozi wetu walituambia tukivumilia tutapata vyote, bila askari wa Uturuki, bila masharti. Nataka haki yangu nzima, Emete, si nusu mkate."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Nyumba unayo Limasoli, watoto wako wamejenga. Huku unakuja kulia tu. Basi kalilie huko huko."

"Unanifukuza kwangu?"

"Kwako? Juzi uliulizwa kama unapataka. Ukajibu."

 Frosula akachukua mkoba wake, akatoka, na kapu lake akaliacha pale pale mlangoni. Emete hakumwita.

Jioni jirani mmoja, mke wa mwoka mikate, alikuja na sinia la keki ya semolina, uso umemchanua.

"Hongera, shangazi! Mungu mkubwa, nyumba imebaki yako!"

Erol alikuwa amepiga magoti, anafungua mafundo ya shuka. Emete alilitazama lile sinia bila kulipokea.

"Hongera kampe Frosula," alisema. "Mwenye nyumba bado ni yeye. Mimi nimeachiwa kuilinda."