Shati la Duarani

Enyi waungwana mlioketi kuizunguka safu hii, tegeni masikio. Katika banda la video hapa Kalangalala tulitazama filamu kongwe ya vichekesho. Shujaa wake hushinda kamari ya mbio za farasi maadamu kofia yake haijafuliwa. Mkewe akaifua, farasi akashika mkia. Tulicheka sote, isipokuwa mchimbaji mmoja aliyeinuka ghafla akapiga simu nyumbani.

“Mama Kulwa, lile shati langu la duarani, la kushukia shimoni, usilifue! Ndilo lenye dhahabu!”

“Nani aliguse kwa harufu ile, Baba Kulwa?” spika ikajibu.

Akaketi, akajifuta jasho.

Kumbe mkewe hulifua kila mumewe aendapo bandani, kisha hulipaka vumbi la mawe. Na dhahabu haijakoma. Bahati, naona, haiogopi sabuni. Aliyenieleza ni Mama Kulwa mwenyewe, siku moja akilisuuza.