Walale Hapa

Nje kidogo ya Tinde anaishi mjane mmoja, Mbuke, mama yake Salome, mwanamke mfupi mwenye kauli isiyohitaji kipaza sauti. Alichokitaka kilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Kikundi cha kina mama kilikuwa kinawagawia wanachama wake mitamba, ila kwa sharti: kwanza uoneshe malisho uliyopanda mwenyewe, bila mbolea ya dukani. Mbuke akapanda mabingobingo. Yakatoka membamba, ya manjano, ya kutia huruma. Mtamba akapewa mwingine.

Shamba lake lilikuwa limechoshwa na pamba na mtama wa miaka mingi, linataka samadi. Samadi inatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe hapewi mpaka majani yaote. Mwingine angekata tamaa. Mbuke alikasirika tu, na hasira yake ni ya kufanya kazi.

Kule, mtama ukishavunwa, shamba huwa la wote. Ng'ombe wa yeyote huingia kula mabua, na mwenye shamba hanuni. Mwaka ule Mbuke alirudia kupanda mtama, na ulipovunwa kundi la Kamili, kaka wa marehemu mumewe, lilikuta njia imezibwa kwa miiba, na Mbuke amesimama mbele yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nini tena, Mama Salome? Unatunyima mabua?"

"Siwanyimi. Ila kila mwaka wanakula kwangu, wanakwenda kunya kwako. Mwaka huu wakila hapa, walale hapa."

Kamili akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Ng'ombe wake walale nje, kwa mwanamke, waibiwe! Akawaswaga kwingine, na kilabuni wakapata cha kuzungumza: Mbuke kaingiwa na choyo. Maneno hayo yalimuuma sana, maana hakuwa mchoyo. Lakini miiba hakuiondoa.

Mabua ya wengine yakaisha. Kamili akarudi, safari hii hacheki.

"Akipotea hata ndama?"

"Hapotei. Nitalala nao mimi."

Akalala nao kweli, kwenye kibanda cha mabua, kiangazi chote, rungu mkononi. Kila sehemu iliposhiba samadi, aliling'oa zizi la miiba alilowazungushia akalisogeza mbele, mpaka shamba zima likapata. Mvua za kwanza ziliponyesha akaichimbia samadi ile, akapanda mabingobingo upya, na kunde katikati ya mistari. Majani yakatoka mabichi, mapana, yakampita kimo. Alikuwa akienda kuyashikashika tu, kwa furaha ambayo hakujali nani anaiona.

Siku ya kupokea mtamba watu walijaa. Apolonia, mwenyekiti wa kikundi, alilikagua shamba, akarudi anatabasamu, akauliza nani apokee kamba. Wazee wa pale wamezoea ng'ombe apokewe na mwanamume wa ukoo. Kamili akajikohoza, akasogea, akanyoosha mkono.

Mbuke aliutazama mkono ule. Hakuwa na kinyongo nao. Bila ng'ombe wa Kamili asingepata hata jani moja.

"Shemeji," alisema taratibu, "niliposhika rungu kuwalinda ng'ombe wako usiku, hukuuliza mwanamume yuko wapi."

Mkono wa Kamili ukabaki hewani kidogo. Kisha akaushusha, akampisha. Mbuke akaishika kamba kwa mikono miwili, machozi yanamtoka wala hayafuti, akamwongoza mtamba wake kuelekea kwenye majani.