Kifimbo cha Mninga na Mama Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitwanga donge la mkate. Nasema nilitwanga, na msicheke kabla sijamaliza. Mama Misheni, mke wa mchungaji wa Kizungu kule vilimani Mbozi, alinikabidhi donge la unga wa ngano alilokwisha kulikanda, akanipa kibao na kipande cha mti cha mviringo, kisha akaitwa kumtazama mgonjwa. Hakuniambia mti ule kazi yake nini. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane niliyekulia kwenye nyumba ya kinu na mchi, na kila mti wa mviringo niliopata kuuona karibu na unga ulikuwa wa kutwangia. Nikausimamisha wima, nikaanza: du, du, du.

Aliporudi alinikuta nikitwanga. Hakunipiga wala kunitukana, ingawa wenzangu walikuwa wamenitisha kwamba Wazungu hawana subira. Alikuja nyuma yangu, akaulaza ule mti juu ya donge, akaweka mikono yangu huku na huku.

"Eliya, huu hapana piga," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Huu nalala. Nalala, halafu nakwenda."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya upishi, iliyonilisha karibu muda wote wa enzi za Mwingereza. Mti wenyewe tuliuita kifimbo. Kusukuma donge ni kulitandaza kwa kifimbo juu ya kibao kilichonyunyiziwa unga mkavu, ukianzia katikati kwenda nje, kisha unaligeuza kidogo na kuanza tena. Ukiona donge linarudi nyuma kila unapolisukuma, ujue limechoka. Lifunike kitambaa, nenda kachochee kuni. Hamira, ile dawa ya kuumulia mkate, ilikuwa ikitufikia kwa shida. Ilipokwisha nilichukua machicha ya pombe ya ulezi kwa majirani, na Mchungaji, aliyekemea pombe kila Jumapili, alikula mkate wake akamshukuru Mungu bila kuuliza lolote.

Kutoka misheni nilikwenda Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa sababu huko walihitaji watu wa jikoni. Nyumba ya Bwana Mkubwa wa mitambo ilikuwa na mpishi mkuu kutoka Nyasaland, mtu mfupi, mwenye aproni nyeupe kuliko ya daktari. Yeye ndiye aliyenifundisha pai, yaani nyama au matunda yaliyofunikwa kwa donge la siagi. Donge la pai halipendi joto, na Saza ni joto tupu, hivyo tulilisukuma alfajiri kabla jua halijapanda. Nikimaliza aliliinua mbele ya dirisha, akaweka mkono wake nyuma ya donge. Asipoona kivuli cha vidole, nilianza upya.

"Unasukuma kwa hasira," aliniambia siku moja. "Nani kakuudhi?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimemposa Rabeka, binti wa Kinamwanga kutoka kijiji kilicho karibu na Tunduma, na baba yake alikwisha kukubali. Lakini habari zilinifikia kwamba mama yake aliposikia kazi yangu, aliweka ungo chini na kuuliza, "Mwanaume anayeshika unga? Na mwanangu atashika nini, jembe la mumewe?"

Mpishi Mkuu alicheka mpaka akakohoa, ila wiki ile ile alikwenda kwa seremala wa machimbo na kurudi na kifimbo cha mninga, kizito, laini, chekundu kama udongo wa kwetu. "Chukua," alisema. "Hiki ni chako. Cha tajiri unakiacha kwa tajiri, chako unaondoka nacho. Na mkwe wako mwache. Mtu mzima hasukumwi."

Nikamwoa Rabeka. Hapo sharti niwaeleze vijana wa leo desturi moja, maana naona mnaiacha. Kwao Rabeka, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Huli kwake, huketi kwake. Hali hiyo inakwisha siku mama mkwe atakapokupikia kwa mkono wake na kukuwekea chakula mbele yako. Wanaita kumwingiza mkwe. Kuanzia hapo wewe ni mtoto wa nyumba, unaweza hata kumwomba maji ya kunywa. Wengi huingizwa katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mimi mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, tukapata mtoto wa kwanza, Yohana, tukapata wa pili, na mama mkwe hakupika.

Nilipohamia Tunduma, jambo hilo liliniuma zaidi, kwa sababu sasa kijiji chake kilikuwa mwendo mfupi tu. Nilikuwa kwa Bwana Forodha, mkubwa wa mpakani, kapera aliyepata kukaa Bara Hindi na kupenda chapati kupita mkate. Chapati nikajifunza kwa kukosea. Zile za mwanzo alizigeuzageuza kwenye sahani akasema, "Mpishi, leo umeniletea ramani ya Afrika. Kesho niletee mwezi." Siri yake nikaipata: donge laini, mkono wa kulia usizidi wa kushoto, na kifimbo kikienda vizuri chapati inazunguka yenyewe chini yake. Wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka wakaja kunisalimu dirishani, "Mulishani, mukwai," huku pua zao zikisalimu kikaango.

Nilisifiwa sana Tunduma. Halafu Jumapili nikitoka kanisani na wanangu, namwona bibi yao kwa mbali na mzigo wa kuni, naye anaingia majanini na kunigeuzia kisogo. Watoto wanamkimbilia, mimi nabaki barabarani nikitazama upande mwingine. Sioni haya kusema kwamba iliniuma. Mama yangu mzazi alikwisha kufariki nikiwa misheni, na nilitamani kuwa na mtu wa kumwita mama. Niliamini ananidharau kwa sababu ya unga, na kwa kiburi changu sikumuuliza hata Rabeka.

Nilistaafu miaka michache kabla bendera haijabadilishwa. Bwana Forodha alirudi kwao, aliyemfuata alikuja na mpishi wake, na vifundo vya vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukakamaa. Nikapewa barua ya sifa, nikafunga kifimbo changu ndani ya aproni, nikarudi nyumbani kulima.

Haukupita mwezi, Rabeka akatoka kwao akasimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa kwenye kesi.

"Baba Yohana, mama anaomba kifimbo chako."

"Cha nini?"

"Anaomba tu. Na unga wa ngano nimeshamnunulia dukani. Jumamosi unaitwa."

Alipoona sijaelewa, akaketi. "Hajawahi kukudharau, labda ule mwaka wa kwanza tu. Alikuwa anaogopa. Kila mwaka nikimwambia apike, anasema: nimpikie nini mtu ambaye Wazungu wanalamba vidole kwa mapishi yake? Mkono wangu ni wa ulezi na maharage. Akionja atanicheka moyoni. Sasa amesikia umeacha kazi. Anasema sasa wewe ni mtu wa kawaida, na yeye amezeeka, hataki kufa hajakuingiza."

Jumamosi nilivaa koti langu la kanisani. Niliketishwa kwenye mkeka nje ya jiko, ukuta wa udongo kati yetu, Rabeka kando yangu. Nilisikia unga ukikandwa. Nilisikia kuni zikichochewa. Kisha nikasikia: du, du, du.

Rabeka alinitazama, akaanza kuinuka. Nikamshika mkono.

"Atakiharibu," alinong'ona.

"Mwache mama apike."

Miaka yote ile niliwasahihisha vijana wangu wa jikoni kwa kelele moja tu ya kifimbo, hata nikiwa nimewapa mgongo. Siku ile nilikaa kimya, nikisikiliza mninga wangu ukipigwa wima juu ya jiwe la kusagia, na machozi yakanitoka kama mtoto. Alitwanga mpaka akachoka. Harufu ya kuungua ikatoka, ikafuatwa na ya ugali na kuku.

Alitoka mwenyewe akiwa amebeba sinia, akapiga magoti kwa shida. Juu ya ugali, kwenye kisahani cha peke yake, palikuwa na chapati nene, upande mmoja mweusi, ramani ya Afrika na visiwa vyake. Niliinamisha macho kwa mazoea.

"Nitazame, baba," alisema. "Nimekupikia."

Nikamtazama. Mwanamke niliyemwogopa nusu ya maisha yangu alikuwa kibibi mwembamba mwenye unga kwenye nyusi. Nikamega chapati. Ilihitaji meno, nami wakati ule nilikuwa nayo. Nikala yote, sikuacha hata pale palipoungua.

"Imeiva?" aliuliza.

"Imeiva, mama. Naomba maji."

Akaenda kuniletea maji.

Aliishi msimu mmoja wa mvua baada ya hapo. Wajukuu zangu wanaojifunza kusukuma kwa kifimbo kile hulalamika kwamba ncha yake moja imebonyea na kuchanika, inawakwaruza viganja. Mara mbili wameniletea msasa. Nawaambia wakishike upande wa pili.