Fungu la Mlima

Kabla Mollo haijapimwa viwanja, nyani walikuwa na adabu zao na Hellena alikuwa na zake. Uongo dhambi, wizi waliiba. Lakini walijua mahali pa kuibia.

Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Ukishavuna mahindi, mistari miwili ya mwisho, ile inayopakana na mlima, unaiacha. Kisha unagonga debe mara tatu, wajue kwamba pale ni pao na kwingine ni kwako. "Mlima nao una tumbo," bibi yule alikuwa akisema. Basi walishuka wakiongozwa na dume kubwa lenye kuchechemea, ambalo Hellena alilipachika jina la Bwana Shamba, maana lilikagua kila tuta, likamenya hindi, likalinusa, likalitupa. Bwana shamba wa serikali aliacha kuja tangu mbolea ya ruzuku ikatwe. Huyu wa mlimani hakukosa hata msimu mmoja. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Mwaka tisini na tatu wakaja wapimaji na vigingi vyao. Mistari ile miwili ikawa kiwanja cha Fabiani mwenye duka, akajenga na ukuta juu. Hellena hakupenda nyani wakose haki yao. Akalihamishia fungu nyuma ya jiko lake, akagonga debe. Wakaja. Nani asingekuja?

Ndivyo walivyoujua mtaa. Wakafunua sufuria za watu, wakaingia madirishani, wakabeba mikate juu ya kaunta ya Fabiani. Siku moja wakamparua mkono binti wa jirani wakimnyang'anya andazi. Watu wakawaka. Mwenyekiti wa mtaa akatangaza kuwa Jumamosi mtu wa bunduki angefika.

Fabiani akaja kwa Hellena.

"Shikamoo, bibi. Nasikia wewe ndiye unayewaita."

"Marahaba, baba. Ni mimi, sikatai. Niachieni hadi Ijumaa niwarudishe mwenyewe."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa, basi tena. Watakufa kwa sababu yangu."

Ijumaa asubuhi alitoka na debe, akaligonga kwa nguvu zote huku akipiga yowe. Nyani wakashuka mbio, watoto wakiwa migongoni, wakaketi mbele yake wakingoja. Hapo ndipo alipolijua kosa lake. Kwa wenzake debe lilifukuza. Lake lilikuwa limekaribisha miaka ishirini na mitano.

Akaokota jiwe. Bwana Shamba alikuwa karibu kuliko wote, hatua tano tu, na asipoondoka yeye hakuna atakayeondoka. Jiwe likampata usoni. Hakubweka. Alimtazama kidogo, akageuka akichechemea, na kundi likamfuata. Hellena akaendelea kurusha mawe akilia kama mtoto. "Nendeni! Nendeni zenu, msiuawe!"

Jumamosi mwenye bunduki alikuta mtaa kimya, akanywa chai kwa Fabiani, akaondoka.

Majirani walimshukuru Hellena mpaka akachoka kuitikia. Nyani hawakurudi, wala msimu ule wala mingine. Fungu lao aliliweka kila mwaka chini ya mlima, likaliwa na panya.

Mwaka wa tano, mkwewe Redempta alikuwa akipima ulezi, debe likamponyoka likaanguka sakafuni. Hellena alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akasimama akitazama mlimani.

"Mama, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mwanangu," akasema. "Hebu liangushe tena."